Nadharia ya namba kwa mtu wa usalama wa mifumo: niisome au niipotezee?

Funguo2: Wakuu, naombeni ushauri. Nasomea usalama wa mifumo, na muhula ujao nachagua somo moja la hiari: nadharia ya namba au uchambuzi wa programu hasidi. Hilo la kwanza nikilichungulia naona namba tasa, mabaki, KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Si hesabu za shule ya msingi hizi? Zitanisaidia nini kulinda seva?

Baki7: Hizohizo ndizo zinazoilinda, mkuu. Chukua RSA, njia ya kuficha ujumbe ya mwaka 1977. Zidisha namba tasa 3 na 11, upate 33. Hiyo unaitangaza pamoja na kipeo 3. Anayetaka kukutumia 4 anatafuta 4 kwa kipeo cha 3, yaani 64, anagawa kwa 33, baki 31. Inasafiri 31. Wewe una kipeo cha siri, 7: 31 kwa kipeo cha 7, gawa kwa 33, baki 4. Hiyo 7 imetoka wapi? (3−1)×(11−1)=20, na 3×7 ukigawa kwa 20 inabaki 1. Asiyezijua 3 na 11 haipati 20. Kwa 33 atazigundua yeyote. RSA-250, namba ya majaribio yenye tarakimu 250, imepasuliwa 2020 tu, tena kwa kompyuta nyingi mno.

mlinzi_wa_zamu: Hesabu ni sahihi, ila kazini huandiki RSA kwa mkono. Tena hiyo ya Baki7 ikitumiwa mbichi hivyo ni dhaifu: ujumbe uleule unatoa jibu lilelile, mtu anakisia tu. Zamu zangu ni nywila mbovu na programu zisizosasishwa. Soma programu hasidi.

Tarakimu: Mlinzi, na ya 2012? Watafiti walikusanya mamilioni ya funguo za umma (zile namba zinazotangazwa, kama 33) kwenye intaneti, wakatafuta KKS kati yake. Kuna ruta zilizotengeneza funguo ndiyo kwanza zimewashwa, hazina nasibu ya kutosha, zikajikuta zinachangia namba tasa moja. KKS ikaitoa papo hapo, funguo zote mbili chali. RSA yenyewe haikuguswa. Asiyejua namba angeanzia wapi kulitafuta hilo?

Funguo2: Lakini si kompyuta za kwanta zitaifuta RSA?

Baki7: Mwanahisabati Peter Shor alionyesha njia ya kuzipasua namba hizo kwa kwanta tangu 1994, kinachosubiriwa ni mashine. Ila ML-KEM, kiwango cha kukabili kompyuta hizo kilichotolewa na NIST (taasisi ya viwango ya Marekani) 2024, nayo inafanya kazi na mabaki ya kugawa kwa 3329. Namba tasa hiyo.

Funguo2: Basi nachukua namba. Mlinzi, nielekeze pa kuanzia programu hasidi, nisome likizo.