Ulinganisho: diski yenye makosa ikiwa kwenye betri, hdparm au TLP?

Mkazi wa Nyakato
Wakuu, salaam. Kompyuta yangu mpakato yenye Linux na diski ya kuzunguka hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye chaji. Umeme ukikatika, au nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, diski hugonga "tik, tik", skrini huganda, kisha kumbukumbu za mfumo huonyesha kwamba kiungo cha SATA (kinachounganisha diski na kompyuta) kimeanzishwa upya. Nimeshauriwa ninunue diski mpya. Je, nianze na hdparm (amri ya kurekebisha mipangilio ya diski) au TLP (programu ya kuokoa betri)?

Fundi Kirumba
Usinunue bado, kwa sababu diski iliyochoka haichagui chaji wala betri. Nakili kwanza kazi zako, kisha jaribu ukiwa mezani nyumbani, maana mtikisiko wa kivuko nao huisumbua diski. Kwa smartctl (amri ya kusoma afya ya diski), tazama kipengele cha 193, kinachohesabu mara ambazo vichwa vya kusomea vimeegeshwa. Diski nyingi za mpakato hukadiriwa kuhimili mara 300,000 au 600,000. Hesabu ikipanda kila dakika, chanzo cha mlio umekipata, na amri `hdparm -B 254`, inayopunguza uokoaji wa umeme wa diski ili vichwa visiegeshwe ovyo, kwa kawaida huutuliza, ingawa mpangilio huo hupotea ukizima kompyuta.

Dada wa Igoma
Kwa heshima, Fundi, hdparm hutuliza mlio tu, ilhali kinachoniogopesha mimi ni kiungo kukatika, kwani hapo ndipo mafaili huharibika. Katika TLP, tazama SATA_LINKPWR_ON_BAT (mpangilio wa umeme wa kiungo ukiwa kwenye betri): ikiwa ni min_power, inayobana umeme zaidi, weka med_power_with_dipm, ya wastani, iliyoingia na kerneli (kiini cha Linux) 4.15 mwaka 2018, na makosa yasipokoma weka max_performance, isiyobana umeme, hata kama betri itawahi kuisha. Nachagua TLP kwa sababu hurejesha mipangilio yenyewe kila unapochomoa chaji. Ila usiiweke pamoja na laptop-mode-tools, programu nyingine ya kuokoa betri, zitagombana. Na 254 usiitumie kivukoni: kuegesha vichwa ni kinga ya diski dhidi ya mtikisiko.

Mwalimu wa Buzuruga
Wenye Windows, `powercfg /change disk-timeout-dc 0` huzuia diski kuzimwa ikiwa kwenye betri.

Mkazi wa Nyakato
Ahsanteni sana. Nimekuta min_power, nikaibadilisha. Umeme ulipokatika jana usiku, kiungo hakikukatika. Mlio ungalipo kwa mbali, nami nimeuacha kwa ajili ya kivuko.

Fundi Kirumba
Dada, hoja ya mtikisiko naikubali. Ndugu yetu, endelea kuifuatilia hiyo 193.