Agregeti 22 kwenye PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda): aende S1 (kidato cha kwanza) au arudie?

Baba Swaumu, Busia
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mwanangu kapata Kiingereza P7, Hisabati C6, Sayansi C5, SST (maarifa ya jamii) C4. Jumla ya madaraja, yaani agregeti, ni 22, divisheni ya pili. Shule tulizojaza hazikumchukua. Jirani aliyesoma Kenya anasema 22 ni aibu. Arudie?

Mwalimu wa Tororo
Mzee, pole, lakini mtoto amefaulu. KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza msingi Kenya, ilihesabiwa kwenda juu. PLE inahesabiwa kwenda chini. Masomo manne, kila moja daraja 1 hadi 9: bora kabisa ni 4, mbaya kabisa 36. Divisheni ya kwanza huishia 12. Na hiyo P7 kwenye slipu ya matokeo si darasa la saba, ni pasi. D ni 1 na 2, C ni 3 hadi 6, P ni 7 na 8, F ni 9. Kilichomshusha ni Kiingereza. Angepata C4 tu, jumla ingekuwa 19.

Mama Hadija, Jinja
Bora arudie. Shule kubwa hutazama agregeti tu.

Mwalimu wa Tororo
Dada, kurudia ni karo ya mwaka mzima, na Kiingereza kile kile kitamsubiri. Shule za serikali zenye mpango wa USE, yaani sekondari bila ada, hupokea agregeti 4 hadi 28, kwa hiyo anastahili. Mzee, chukua slipu na nakala mbili, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa iliyo karibu, uliza nafasi zilizobaki. USE haimalizi gharama: uliza sare, chakula na vifaa, uandikiwe kwenye karatasi. Lipa benki kwa akaunti ya shule. Anayekuuzia nafasi kwa namba yake ya simu, mkatae.

Kabla ya S1 asome Kiingereza kwa sauti kila siku, kisha aandike alichosoma kwa sentensi tano. Masomo karibu yote atafundishwa kwa lugha hiyo. Kiswahili nacho ni lazima S1 na S2, hapo mtoto wenu hana shida.

Karani wa Mbale
Baba Swaumu, linganisha jina la kwenye slipu na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Akifika S4, usajili wa UCE, mtihani wa kidato cha nne, utadai namba yake ya PLE. Kama kuna kosa, mwone leo mwalimu mkuu wa shule aliyofanyia mtihani. Yeye ndiye anayepeleka marekebisho UNEB, baraza la mitihani.