Je, tiba ya sumaku inaweza kumrudishia fahamu mgonjwa aliyeumia kichwa?

Mutua wa Donholm

Habari zenu wanajukwaa. Ndugu yangu mdogo aligongwa akiwa kwenye bodaboda katika Barabara ya Outering mwezi wa Januari, akapasuliwa kuondolewa damu iliyoganda ndani ya fuvu. Tangu atoke katika chumba cha wagonjwa mahututi, hufumbua macho asubuhi na kulala usiku, lakini hasemi neno wala hatii amri ya daktari. Sasa tunaye nyumbani, analishwa kwa mpira wa puani, na mama ndiye anayemgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia.

Wiki iliyopita kituo kimoja cha hapa mjini, ambacho hutibu sonona kwa mashine ya sumaku, kilituambia kwamba mashine hiyo hiyo inaweza kumrudishia fahamu, mradi tulipie vikao 20 kabla ya kuanza. Wajomba wanataka kuitisha harambee, na baba ameanza kutaja kuuza kipande cha shamba kule Machakos. Mama naye anashikilia kwamba mwanawe humfuata kwa macho anapopita karibu na kitanda, ingawa daktari aliyempima mwisho aliandika kwamba hakuna dalili yoyote ya kujitambua. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama tiba hii ina ushahidi, hatari zake ni zipi, na sisi tuanzie wapi.

Fundi wa Vifaa, Ngara

Pole sana, ndugu Mutua. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali, kwa hiyo nitaeleza mashine tu na kuwaachia madaktari habari za mgonjwa. Sumaku iliyotulia haifanyi chochote hapa. Kinachofanya kazi ni uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Koili inayowekwa juu ya kichwa hupitishiwa mkondo mkubwa wa umeme kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, uga ukapanda hadi kiasi cha tesla 1.5 au 2 kisha ukatoweka, na badiliko hilo huzalisha mkondo mdogo ndani ya ubongo kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, ndio waliochochea kwa njia hii sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, bila kupasua, mwaka 1985.

Uga huo hufifia upesi. Koili ya kawaida hufika sentimita 2 au 3 tu chini ya ngozi ya kichwa, hivyo thalamasi, ambayo iko ndani kabisa na huchangia sana kumweka mtu macho, haiguswi moja kwa moja. Waulizeni pia kama wamekagua rekodi za upasuaji. Klipu za mishipa ya damu, kifaa cha masikio kilichopandikizwa, au mrija wa kutolea maji ya ubongo wenye vali inayorekebishwa kwa sumaku ni mambo yanayoweza kuleta madhara makubwa, na kituo ambacho hakijauliza habari hizo hakistahili kumgusa.

Daktari, mwanafunzi wa magonjwa ya neva

Nashukuru kwa maelezo ya fundi. Nitaanza na maneno ya mama, maana ndiyo muhimu zaidi katika yote uliyoandika. Kuna koma, ambapo macho hayafunguki. Kuna hali ya kuwa macho bila dalili ya kujitambua. Na kuna hali ya fahamu kidogo, ambapo dalili hujitokeza kweli lakini leo zipo na kesho hazipo. Mgonjwa anayefuata uso wa mama yake kwa macho, tena mara kwa mara, yuko katika kundi hili la tatu, na matarajio yake ni mazuri kuliko ya kundi la pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima upya wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikubaliana kwamba hawakujitambua, na kipimo cha CRS-R, kinachokagua dalili za fahamu mgonjwa akiwa kitandani na chenye alama 0 hadi 23, kikaonyesha kwamba 18 kati yao walikuwa na fahamu kidogo. Daktari aliyempima mara moja, pengine mgonjwa akiwa amechoka au amepewa dawa ya kutuliza, anaweza kukosea bila kuwa mzembe.

Kuhusu sumaku yenyewe: Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa sonona isiyosikia dawa mwaka 2008, na idhini hiyo haisemi lolote juu ya fahamu. Kwa wagonjwa kama ndugu yako, tafiti zilizopo nyingi ni ndogo, na baadhi hazikuwa na kundi la kulinganisha. Hilo si jambo dogo, kwa sababu aliyeumia kichwa anaweza kuendelea kupata nafuu kwa mwaka mzima na zaidi bila mashine yoyote, na nafuu hiyo ikahesabiwa kuwa kazi ya kikao cha jana. Utafiti mmoja wa Italia wa mwaka 2015 uliwapa wagonjwa 11 wasiojitambua mapigo halisi na pia mapigo ya uongo kwa nyakati tofauti, na haukupata tofauti ya maana. Wapo waliopata nafuu katika tafiti nyingine, hasa wenye fahamu kidogo, na mimi binafsi natamani sana njia hii ifaulu. Lakini matamanio yangu si sababu ya baba kuuza shamba.

Hatari iliyo mbele yenu zaidi ni kifafa. Mapigo haya yanaweza kuchochea mtukutiko hata kwa mtu mwenye ubongo mzima, ingawa kwa nadra, na ubongo wenye kovu la jeraha huwa rahisi zaidi kuwaka. Kama anatumia dawa za kifafa, msithubutu kuziacha ili kupisha vikao.

Mahali ambapo sumaku imenishawishi zaidi ni katika kupima. Watafiti wa Milan na wenzao walionyesha mwaka 2013 kwamba ukiupiga ubongo pigo moja na kusoma umeme wake papo hapo kwa EEG, yaani vihisio vinavyobandikwa kichwani, ubongo wenye fahamu hujibu kwa mawimbi yanayosambaa mbali na kubadilikabadilika, ilhali ubongo ulio katika usingizi mzito au chini ya nusukaputi hujibu kwa wimbi fupi lisilotoka mahali pake. Kipimo cha aina hii kinaweza kumtambua mtu ambaye mwili umemnyima njia ya kujibu.

Kuna pia dawa iitwayo amantadini. Jaribio la wagonjwa 184 lililochapishwa mwaka 2012 lilionyesha kwamba iliharakisha nafuu kwa walioumia kichwa wiki 4 hadi 16 kabla. Ndugu yako huenda amepita muda huo, na dawa yenyewe ina tahadhari kwa mwenye kifafa, lakini muulizeni daktari wake kabla ya kulipia sumaku. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya vikao.

Muuguzi Akinyi

Naongeza machache kutoka wodini. Chukueni kioo cha mkononi, mkishike mbele ya uso wake na mkisogeze polepole kushoto na kulia, juu na chini. Wagonjwa wengi hufuata uso wao wenyewe kabla ya kufuata kitu kingine. Fanyeni hivyo akiwa ameketishwa, ameshiba na amepumzika, siku mbalimbali, mkiandika saa na alichofanya, au mkimrekodi kwa simu. Na anayempima azungumze naye kwa Kikamba. Nimewaona wagonjwa wakiamriwa kwa Kiingereza "squeeze my hand" na mtu mgeni kabisa, kisha ikaandikwa kwamba hawatii.

Mutua wa Donholm

Asanteni kwa dhati. Hakuna aliyewahi kumsemesha kwa Kikamba wakati wa kupimwa, na alikunywa dawa za kifafa asubuhi ile ile. Mkutano wa harambee ni Jumamosi na wajomba watataka jibu. Nikirudi kwa kile kituo, niwaulize nini?

Daktari, mwanafunzi wa magonjwa ya neva

Waulize daktari wa neva atakayekuwapo wakati wa vikao ni nani na amesajiliwa na KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini, kwa taaluma gani, watampima kwa kipimo gani kabla na baada, na watafanya nini akipata mtukutiko mezani. Wakisema kwamba ni utafiti, waombe barua ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume inayotoa vibali vya utafiti nchini, na mjue kwamba mgonjwa hapaswi kulipishwa kwa tiba ambayo bado inajaribiwa juu ya mwili wake.

Harambee msiivunje. Elekezeni fedha kwanza kwenye upimaji kamili wa CRS-R, angalau mara tano ndani ya wiki mbili, mama akiwepo, na kwenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kuja nyumbani, kwa sababu mikono na miguu ikikakamaa sasa, fahamu zikirudi hatakuwa na mwili wa kuzitumia. Pelekeni pia video za kioo kwa daktari wake. Mkishapata matokeo, andika hapa nasi tutayasoma pamoja nawe.