Uzalendo na ubaguzi wa rangi, mpaka uko wapi?

mtoto_wa_kijiweni: Wakuu habari za mchana. Jana tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja kasema maduka ya Kariakoo yawe ya Watanzania tu, wageni wafungashe, eti huo ndo uzalendo. Mi nilikuwa naye kabisa mpaka akaongezea "na wale Wahindi pia", wakati wale wamezaliwa hapa hapa wao na baba zao. Sasa huo bado uzalendo au tushavuka?

Kobe Mzee: Kashavuka huyo. Ukisema biashara fulani iwe ya raia, mgeni akipata uraia kesho anafungua duka, yameisha. Ila Mhindi mwenye NIDA yake unamtoa kwa karatasi gani? Ubishi huu wa zamani sana mjomba. 1958 pale Tabora TANU ilipokubali kura tatu (unampigia Mwafrika, Mhindi na Mzungu kwa mpigo), mwanachama wake Zuberi Mtemvu alisusa akaenda kuanzisha chama chake, ANC (sio ile ya Afrika Kusini), Afrika kwa Waafrika tu. 1961 bungeni ikarudi, kuna wabunge walitaka uraia wapewe weusi peke yao, Nyerere akawaka kweli kweli, akasema mkipitisha hilo serikali nzima inajiuzulu.

chapakazi77: Mnamuonea jamaa bure. Mkoloni alimpa Mhindi duka na Mwafrika jembe, watu wakidai nafasi yao baada ya uhuru mnawaita wabaguzi? Hasira zao zilikuwa na sababu bana

Kobe Mzee: Sababu ilikuwepo, sibishi, ndo maana vyeo serikalini vilianza kwa kupewa Waafrika kwanza mpaka Nyerere alipositisha Januari 1964. Lakini angalia Uganda 1972, Amin alianza na Wahindi wenye paspoti za Uingereza, siku 90 wawe wameondoka, halafu kwenye foleni za uhakiki hata waliokuwa raia wa Uganda wengi wakakataliwa uraia wao.

binti_ngamiani: Mi ndo hao Wahindi mnaowajadili 😅 Mwaka juzi nimeenda ofisi moja kufuatilia karatasi, dada wa dirishani kashika kitambulisho changu, kakigeuza nyuma na mbele, akaniuliza kwenu wapi. Nikamwambia Tanga, Ngamiani. Akacheka, "hapana bwana, kwenu *kwenu*."

mtoto_wa_kijiweni: Duh. Ukamjibuje?

binti_ngamiani: Nikamwambia barabara ya kumi na mbili