Mtoto wa mbwa kipofu kati ya mbwa wakubwa watatu: nifanyeje wasimdhuru?

Mama wa Kihonda:

Habari zenu wafugaji. Niko Morogoro, Kihonda, nina mbwa wakubwa watatu uani. Simba ni dume, chotara wa mbwa wa polisi, na ndiye mwenye uwanja. Bosi ni koko, mdogo kwa umbo lakini ana mbio. Malkia ni jike, alizaa na Simba kabla masika hayajaanza. Watoto walifumbua macho wiki ya pili kama kawaida, isipokuwa mmoja. Kope zilifunguka, ila ndani mna vijicho vidogo vilivyozama, rangi yake kama maji ya mchele. Wenzake wote wameshachukuliwa. Huyu hakuna aliyemtaka, na mimi simtoi. Wanangu wamempa jina Popo.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja alimwangalia, akasema macho hayakukua tangu tumboni na hakuna dawa ya kuyarudisha. Jirani kanishauri achomwe sindano alale moja kwa moja. Naomba mtu asinirudishe huko. Mtoto anakula, anacheza, akisikia viatu vyangu mlangoni mkia hautulii.

Shida yangu ni hao wakubwa. Jioni nawapa ugali wa dona na dagaa, kila mmoja na sufuria yake. Popo hufuata harufu mpaka anatumbukiza kichwa kwenye sufuria ya Simba. Simba humwonya kwanza: anakaza mwili, anapandisha mdomo, meno yanaonekana. Mwenye macho angerudi nyuma. Popo anazidi kusogea. Juzi kang'atwa sikio, damu ikatoka. Mume wangu anasema Simba achapwe kila akinguruma, atazoea. Na kila bodaboda ikisimama nje, wote watatu wanakimbilia getini na Bosi anampitia Popo juu kwa juu, mtoto anabingirika kwenye mchanga, akiinuka hajui tena alikuwa anaelekea wapi.

Uwanja una mtaro wa maji ya mvua upande wa nyuma na shimo la karo. Je, Simba achapwe? Popo alale wapi? Na mtaro huo niufanyeje?

Mzee wa Usa River:

Dada, pole, na asante kwa kutomtupa. Mimi nina jike, Tausi, alitemewa machoni na swila, nyoka anayetema sumu, kwenye banda la kuku. Ilikuwa usiku, tukamkuta asubuhi, mboni zote mbili zimeshaungua. Sumu ile inataka maji mengi palepale, tena kwa muda mrefu; ikishalala jichoni imekwisha kazi yake. Tangu hapo Tausi anaishi na madume yangu bila kuona kitu, na niliyojifunza kwake ndiyo nakuandikia.

La kwanza, Simba asichapwe kwa kunguruma. Hili naomba na shemeji alisome. Mbwa husema kwa mwili kwanza, kwa sauti baadaye, kwa meno mwisho. Yale ya mwili Popo hayamfikii hata moja: mkia uliosimama, shingo iliyokazwa, jicho la pembeni, yote yanapotea. Mngurumo ndio onyo pekee analolipata. Mkimchapa Simba kwa ajili ya mngurumo atajifunza kunyamaza, na dume aliyenyamazishwa hutoka kwenye kukaza mwili moja kwa moja hadi kwenye kung'ata. Hapo Popo atakuwa hana onyo lolote. Mwacheni angurume. Siku mtakayomwona Popo anasimama ghafla akiusikia, mjue ameanza kulisoma lile jitu.

Kinachotakiwa kuondolewa ni sababu ya ugomvi, nayo ni chakula. Popo ale ndani, mlango umefungwa, saa ileile wakubwa wanapokula nje. Asitoke mpaka sufuria zote zimeokotwa na zimeoshwa, kwa sababu harufu ya dagaa kwenye sufuria tupu inamwita kama chakula chenyewe. Mifupa ni vivyo hivyo. Mbwa aliyelala na mfupa wake kimya kwenye kivuli ndiye hatari kuliko aliyesimama kwenye sufuria, maana Popo atamkanyaga bila kujua kama yupo.

Pili, wape wakubwa sauti. Watu wengi humvalisha kengele yule kipofu. Mimi nasema wavalishwe wanaoona, ili yeye ajue nani yuko wapi. Bosi mfunge njuga ndogo shingoni, Simba kengele ya mbuzi, Malkia kitu kingine kinacholia tofauti. Baada ya muda utamwona Popo anakwepa mlio wa Simba na kuufuata wa mama yake. Hiyo mbio ya getini nayo itamfikia masikioni kabla ya kumfikia mwilini.

Kuhusu mtaro, mwage kokoto ukanda wa hatua mbili kabla ya ukingo, urefu wote. Mguu wake ukigusa kokoto, wewe sema neno moja, hilohilo kila siku: "Simama!" Karo lifunikwe kwa zege leo, hilo halisubiri mafunzo. Mlangoni tandika gunia, kwenye maji yake ya kunywa weka kipande cha jamvi. Anajua nyumba kwa nyayo. Ndoo, viti, pikipiki ya mgeni, vitu hivyo visilale njiani kwake.

Mwisho, punguzeni kumbeba. Najua watoto wanamwonea huruma. Lakini mbwa kipofu hujenga ramani kwa kutembea, na ukimnyanyua hapa ukamtua pale umemfutia yote. Ikibidi kumbeba, mtue kila mara mahali pamoja, pale kwenye maji yake, aanzie hapo.

Msaidizi wa Mifugo:

Namuunga mkono Mzee kuhusu mngurumo. Naongeza ya afya.

Jicho dogo la kuzaliwa mara nyingi huja na kope inayojikunja kwa ndani, kwa sababu kope haina kitu cha kuishikilia. Nywele zinasugua jicho mchana kutwa. Akijikuna uso kwa mguu, akilifumba jicho moja zaidi ya lingine, au tongotongo zikiwa za kijani, hayo ni maumivu, hata kama haoni. Upo Moro, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, iko hapohapo mjini, mpeleke wamtazame kope. Nyumbani safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, na pamba mpya kwa kila jicho.

Mpime pia kama anaona mwanga. Usipunge mkono mbele ya uso, kwa sababu upepo wa mkono wako anauhisi kwenye masharubu, na hata mtoto mwenye macho mazima huwa hajui kupepesa kwa tishio la mkono mpaka afikishe kama miezi mitatu. Ingia naye chumba chenye giza, washa tochi pembeni bila kutoa sauti, angalia kama anageuza kichwa. Kipofu anayeona mwanga na kivuli ukimwachia taa ya kibarazani usiku, anatembea vizuri zaidi.

Sikio lililong'atwa lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na hakikisha chanjo ya kichaa ya Simba haijapitwa. Popo aendelee na chanjo za distempa na pavo, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki ya 16, na ya kichaa akifikisha miezi mitatu. Kupe uwatoe bila kuchoka: kuna homa ya kupe inayoingia mpaka kwenye macho, na hao watatu wenye macho yao unataka wabaki nayo. Na tafadhali, Simba na Malkia wasizae tena pamoja. Mmoja ahasiwe, kwa sababu tatizo hili laweza kuwa limo kwenye damu yao.

Mtu wa Likoni:

Salaam dada. Mimi huku Mombasa nilimtengenezea wangu duara la mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, kipande kinachotangulia pua kwa upana wa kiganja. Nikaufunga kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Ukigonga ukuta mpira ndio unaotangulia, pua inasalimika. Mvalishe mchana tu, na mbwa wenzake wakiwa wamefungwa, kwa sababu meno yao hunasa humo wakicheza. Akishajua njia, uvue.

Mama wa Kihonda:

Asanteni sana, kwa kweli nimepata nguvu. Karo limeshafunikwa, fundi kamaliza leo. Mume wangu kasoma ujumbe wa Mzee mara mbili, akaenda mwenyewe sokoni kununua kengele. Nimemwona Popo kasimama katikati ya uwanja, sikio moja limeinuka, anamsikiliza Simba akipita nyuma yake. Hakusogea mpaka kengele ikafika bandani.

Nabaki na mawili. Usiku hawa ni walinzi. Mwizi si atasikia kengele? Na Popo akikua atalinda kweli, au atabaki mbwa wa ndani?

Mzee wa Usa River:

Usiku kengele zivuliwe, na Popo alale ndani. Kwa umri wake hana kazi nje gizani. Mtandikie pembeni ya mlango wa jikoni, asilale kwenye njia ya kutoka bandani kwenda getini, hata mchana.

Kulinda atalinda. Tausi hutangulia kubweka kuliko madume; mtu akigusa komeo la geti yeye ameshasimama, wale ndio wanaamka. Hamkimbilii mwizi, anawaamsha wanaokimbia, na mimi sijamdai zaidi. Ila wafundishe wanao kitu kimoja: wamwite jina kabla ya kumgusa, hasa akiwa usingizini. Mbwa asiyeona akishtuliwa hung'ata kabla hajakutambua, na hana kosa. Tangulizeni sauti, kisha mkono karibu na pua anuse, ndipo mumshike.

Jingine, Malkia akiingia kwenye joto. Akihasiwa Simba peke yake, joto la Malkia linabaki palepale, na mbwa wa mtaa mzima watakuja kulala getini kwenu. Madume wakianza kugombana Popo hatajua ugomvi umetokea upande gani, atatembea mpaka katikati yake. Joto hilo huchukua kama wiki tatu. Siku zote hizo Malkia afungiwe peke yake, na Popo atoke uani akiwa kwenye kamba mkononi mwako.