Bendi ya roki ikipiga muziki wa kucheza ndo imejiuza?

Wakuu habari zenu. Juzi kuna mdau kaandika kwamba bendi ya roki ikishaanza kutoa nyimbo za kuchezeka basi imekwisha, imefuata hela, akawataja Queen na Rolling Stones. Mi nakataa kabisa, na naomba tulijadili vizuri maana naona watu wanalirudia tu hili neno bila kuzisikiliza nyimbo zenyewe.

Chukua Another One Bites the Dust ya Queen ya 1980. Wengi wanadhani ni kazi ya mwimbaji Freddie Mercury kwa vile yeye ndo sura ya bendi (na ni wetu, kazaliwa Zanzibar), kumbe aliyeitunga ni mpiga besi, John Deacon, yule mkimya aliyekuwa anapenda sana soul, muziki wa Wamarekani weusi. Ile besi chimbuko lake ni Good Times ya bendi ya disko Chic ya 1979, pale alipiga Bernard Edwards. Deacon alitaka dramu zilie kavu bila mwangwi mpaka mpiga dramu wao Roger Taylor akazijaza mablanketi ndani, na Taylor mwenyewe wala hakuona kama wimbo unafaa kutoka kama singo, ni Michael Jackson ndo aliwaambia utoeni huo. Sasa mtu anayeziba dramu kwa mablanketi ili mguu wako ukanyage pale pale anapotaka yeye, huyo utamwita mvivu? Gitaa la kelele linaficha makosa mengi sana, lakini kwenye mdundo wa kucheza besi ikichelewa kidogo tu watu wanarudi kukaa.

Blondie nao walisemwa hivyo hivyo. Wametoka kwenye panki ya New York, ile roki ya fujo, Heart of Glass ikashika namba moja Marekani na Uingereza 1979, wenzao wakasema wamewasaliti. Kumbe wimbo huo walishaurekodi kwa majaribio katikati ya miaka ya 70, kabla disko haijawa biashara kubwa vile!

Kinachoniuma mimi ni chuki hii ya disko ilikotoka. Tarehe 12 Julai 1979, Comiskey Park pale Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliita watu waje na sahani (santuri) za disko, kiingilio senti 98, zikalipuliwa katikati ya uwanja wa besiboli, mashabiki wakavamia uwanja, mechi ya pili ya siku ile ikashindikana na wenyeji White Sox wakahesabiwa wameshindwa. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa anafanya kazi pale uwanjani, amesimulia kwamba sahani nyingi zilizoletwa hazikuwa hata za disko, zilikuwa za soul, za wanamuziki weusi tu. Kwa hiyo mtu akiniambia roki ya kucheza ni uchafu mi namuuliza kwanza, unachukia mdundo au unachukia waliouleta? Huyo Vince ndo baadae alishirikiana na Jesse Saunders kutoa On and On 1984, moja ya rekodi za mwanzo kabisa za house, muziki wa kucheza wa mashine uliotokana na disko, mji ule ule wa Chicago.

Sikatai, wapo waliofuata upepo. Hata Queen wenyewe, albamu yao Hot Space ya 1982 kwangu imepoa, lakini imepoa kwa sababu nyimbo nyingi mle ni dhaifu, sio kwa sababu zinachezeka. Mbona bendi ya roki Talking Heads 1980 walimsikiliza Fela Kuti wa Nigeria wakatoa albamu ya Remain in Light na hakuna anayesema wamejiuza? Mbona bendi ya New Order na wimbo wao Blue Monday 1983, karibu mashine tupu ile inadunda, mpaka leo inaheshimiwa?

Anayepinga aje, ila aje na wimbo, asije na matusi. Na kabla hujaandika kasikilize ule wa Queen kwa spika nzuri, kisha utuambie hapa, ukiitoa besi ya Deacon kinabaki nini?