Printi ya ndege za Wajerumani iko na sahihi za marubani, nitajuaje ni za ukweli?

Kijana_wa_Section58
Habari zenu wadau. Niko Nakuru. Wiki jana nilienda mnada wa vitu vya nyumba huko Njoro, kuna mama mzee alikuwa anahama, nikanunua picha kubwa iko ndani ya fremu, 4,500. Ni printi ya ndege mbili za vita za Wajerumani, Messerschmitt 109, zinapita chini chini juu ya jangwa na vumbi inafuka nyuma mpaka unataka kufunga macho. Ya mbele imeandikwa 14 kwa rangi ya manjano. Pale chini penye karatasi nyeupe kuna sahihi tatu za penseli na namba 318/1000, yaani nakala ya 318 kati ya 1000. Mwenye mnada aliniambia mchoraji ameweka sahihi na moja ni ya Marseille mwenyewe, rubani wa hiyo ndege, ndio maana nililipa bila kuvutana bei. Nimefika nyumbani nikaanza kushuku. Nitajuaje ziliandikwa kwa mkono na si mashine? Halafu mkia wa ndege uko na ile alama ya Hitler na mama amesema hiyo kitu haitundikwi kwa nyumba yake. Mimi hii picha naipenda kusema ukweli, nisaidieni.

FundiFremu_Kisumu
Pole ndugu, hiyo ya Marseille toa kwa akili kabisa. Alikufa 30 Septemba 1942 huko Misri akiwa na miaka 22, injini ilishika moto, moshi ukajaa mahali anakaa, akaruka, mkia wa ndege ukamgonga na parachuti haikufunguka. Hizi printi za namba zilichapishwa miaka mingi baada ya vita, wachoraji wakawapelekea marubani waliobaki hai wakaweka sahihi kwa penseli. Marseille hakuwepo.

Kwa hivyo anza na tarehe. Angalia maandishi madogo pale chini, mara nyingi mwaka wa kuchapishwa uko hapo, halafu linganisha na mwaka rubani alikufa. Hawa hapa ni marubani wa Kijerumani na mwaka kila mmoja alikufa: Barkhorn 1983, Hartmann 1993, Steinhoff 1994, Galland 1996, Rall 2009. Ukiona sahihi ya Hartmann imeandikwa juu ya karatasi iliyochapishwa 1998 hapo kuna shida, isipokuwa iwe aliandika kwa kikaratasi kando na kikawekwa pamoja na picha ndani ya fremu, hiyo hufanyika na si uongo.

Ya pili toa picha kwa kioo, lakini polepole. Inamisha karatasi kwa mwanga wa dirisha, penseli inang'aa kidogo na wino wa mashine haung'ai hivyo. Kisha tafuta ile lenzi ya fundi wa saa. Sahihi ya mashine utaiona imevunjika kuwa nukta nukta ndogo kama picha ya gazeti, ya penseli utaona unga umeshika kwa vinyweleo vya karatasi, mahali mkono ulikazana panakuwa peusi na mwisho wa jina panafifia. Ukishaona hiyo mara moja hutadanganywa tena.

Na tafadhali usikate ile sehemu nyeupe ndio itoshee fremu ndogo. Mteja mmoja aliniletea ameshakata, sahihi mbili zilienda na makasi, niliumia siku nzima. Kadibodi ya kawaida iliyo nyuma ya picha nayo toa, inaacha doa la kahawia. Usibandike tepi, usiweke mahali jua la saa tisa linapiga.

Mwalimu_wa_Historia
Naongeza kitu kwa sababu uko Nakuru. Wakati wa vita RAF, jeshi la anga la Waingereza, ilikuwa na shule ya marubani hapo hapo Nakuru, No. 70 OTU, kuanzia 1941, vijana wakifunzwa kurusha ndege za Kiingereza za Blenheim kabla ya kupelekwa kaskazini. Hiyo picha yako ni ya upande wa pili wa vita ile ile. Marseille peke yake alihesabiwa kuangusha ndege 158, na 1 Septemba 1942 alidai 17 kwa siku moja. Kila moja ilikuwa na watu ndani.

Halafu kuna Mathew Letulu, Wajerumani walimwita Mathias. Mwanajeshi mweusi wa Afrika Kusini, alitekwa Tobruk, Libya, 1942, akawekwa kumhudumia Marseille na wakawa marafiki wa kweli, mpaka Marseille akawaomba wenzake wamlinde huyo mtu kama yeye angekufa. Sasa fikiria Marseille na wenzake walikuwa wanatumikia serikali gani, ile ya Hitler iliyodharau watu weusi. Mimi ningeitundika na hiyo alama isifichwe, na nyuma ya fremu niandike habari ya Mathias kwa mkono.

Nyanya_Kakamega
Mwalimu nakuheshimu lakini hapa sikubaliani. Baba yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, alienda Burma, alirudi hakuongea. Watoto hawasomi nyuma ya fremu, wanaona picha ya ukutani na wanaona ndege nzuri basi. Mjukuu wangu, mama yako akisema hapana, nyumba ni yake. Weka chumbani kwako na mtu akiuliza umweleze.

Kijana_wa_Section58
Asante sana nyote, na shikamoo Nyanya. Nimetoa kioo jana usiku na nikaazima lenzi kwa fundi wa saa hapa stage. Penseli kweli, inang'aa! Mwaka pale chini ni 1991. Ile niliambiwa ni Marseille nimeisoma herufi moja moja, ni Neumann. Ya tatu bado sijaijua.

FundiFremu_Kisumu
Eduard Neumann! Huyo ndiye alikuwa kamanda wa JG 27, kikosi cha ndege za vita cha Wajerumani, mkubwa wa Marseille kule jangwani, alikufa 2004. Kwa hivyo tarehe inakubali. Huyo alimjua kijana mwenyewe. Piga picha ya hiyo ya tatu kwa karibu uiweke hapa.

Kijana_wa_Section58
Nitaileta mwenyewe Jumamosi na gari ya asubuhi, nimeshaifunga kwa blanketi. Nataka kadibodi ibadilishwe, na unitengenezee mfuko wa karatasi pale nyuma, ile habari ya Mathias nimeshaandika kurasa mbili. Itakaa chumbani kwangu, mama amekubali.